Jina la Mume Wangu Chooni kwa Marloes

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, usijali. Vuta kiti, nitakurudisha njiani kwa maneno machache.

Mimi ni Hiske, mtoto wa Oosterwier, kijiji cha kaskazini kabisa kule Frisia, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu na wote tunawajua kwa majina. Nikiwa na miaka ishirini na minne niliolewa na Auke, kijana aliyekuja kwetu kwenye kazi ya kuinua ukuta wa bahari. Mwezi wa saba tukahamia Rotterdam, na tangu siku hiyo mji ule ukaniona mimi ndiye ngoma yake.

Baiskeli yangu ikaibwa. Nikapata nyingine, ikaibwa na pampu yake. Nikaajiriwa kwenye duka la mikate, wiki ya tatu nikafukuzwa kwa sababu wateja walilalamika naongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Bafu la Bwana Kwakernaak wa ghorofa ya juu likatushukia kitandani. Hayo yote nimeshasimulia, na wengine mmeniandikia barua mkisema mlicheka mpaka mkalia. Nawasamehe.

Katika yote hayo nilibakiwa na vitu viwili vya kushika. Tanuri la Mzee Boele, na ahadi ya Auke.

Mzee Boele ndiye aliyenifundisha kuoka mikate toka nina miaka kumi na tano. Wazazi wangu walipomfuata kaka yangu Kanada, yeye ndiye akawa nyumbani kwangu. Hakujaliwa mtoto. Siku naondoka alifuta unga mikononi, akaniambia, "Binti, duka nakuwekea mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na saba Machi. Ukirudi, ni lako. Usiporudi nampa mpwa wangu Wobbe, na Mungu awasaidie watakaokula mikate yake."

Na ahadi ya Auke? Hiyo alinipa juu ya ukuta wa bahari, upepo ukitupiga usoni.

"Hiske," aliniambia, "mimi Rotterdam siijui. Nimepita tu na treni. Tukienda tutapotea wote wawili, na tutajifunza wote wawili."

Jamani, mtu akikuambia atakupeleka mahali anapopajua, unaweza kumkatalia. Akikuambia atapotea pamoja na wewe, unafunga sanduku.

Basi ilikuwa Jumatano, zimebaki siku tano nimpe Mzee Boele jibu. Na jibu nilikuwa nalo tayari. Hapana, Mzee. Nabaki na mume wangu.

Hapo ndipo nilipokwenda chooni kwa Marloes.

*

Marloes alikaa chini yetu, ngazi kumi na sita tu. Ndiye aliyekuwa shoga yangu, wa kwanza na wa pekee katika mji mzima. Mwezi wa kwanza, simu yetu ilipokuwa haijaunganishwa, nilimpigia Mzee Boele kutoka sebuleni kwake, na namba nikamwachia kwenye kijitabu chake. Alinifundisha tramu ipi inakwenda wapi. Nilipofukuzwa kazi alinipikia supu ya njegere, akamtukana mwenye duka kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika humu, maana gazeti hili linasomwa na watoto.

Siku tuliyohamia, yeye na Auke walipeana mikono pale kwenye ngazi.

"Naitwa Auke."

"Naitwa Marloes."

"Nafurahi kukufahamu."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekumbatia chungu cha maua. Niliona kwa macho yangu mawili.

Jumatano ile Marloes alikuwa ametoka kwa dada yake, alikokaa tangu mwisho wa Februari. Tukanywa kahawa. Kikombe cha pili kikanipeleka chooni.

Sasa, kila nyumba ya Mholanzi ina kalenda ya siku za kuzaliwa, na kalenda hiyo hukaa chooni, mbele ya macho yako ukishakaa. Kwa nini chooni? Sijui. Labda ndipo mahali pekee mtu anapotulia. Haina mwaka. Unaandika jina na tarehe, na kila mwezi unageuza ukurasa, inakutumikia mpaka unazeeka.

Mimi kiti kile nilikikalia tangu mwezi wa saba. Niliusoma Julai wote, Agosti wote, Desemba nikaijua kwa moyo. Machi nilikuwa sijawahi kuiona.

Tarehe tatu, Shangazi Corrie. Jina limechorewa msalaba mdogo, maana Shangazi Corrie amefariki miaka mitatu iliyopita. Marloes alishanisimulia mazishi yake. Tarehe tisa, Daktari wa Meno. Nikacheka peke yangu. Mtu na akili zake anampongeza daktari wa meno?

Tarehe kumi na tano, Auke, 1970.

Nikaacha kucheka.

Mume wangu amezaliwa tarehe kumi na tano Machi, mwaka wa sabini.

Msinione mjinga, nilimtetea kwanza. Nikajiambia, Marloes ni jirani mwema, mimi mwenyewe huenda nilimtajia, naye akaandika juzi. Nikalamba kidole, nikasugua. Wino mpya ungechafuka. Haukuchafuka. Wino wa Auke ulikuwa umefifia mpaka kuwa rangi ya chai ya mgonjwa, sawasawa na wino wa Shangazi Corrie. Kalamu moja, mkono mmoja, siku moja. Na Shangazi Corrie hakuandikwa akiwa ameshakufa.

Ina maana jina la mume wangu lilikuwa kwenye choo kile miaka mitatu, au zaidi. Mimi Auke nilikuwa nimemjua mwaka mmoja na nusu.

Nikavuta maji ili nipate kelele ya kufikiria.

"Umekawia, shoga," Marloes akanitania nilipotoka. "Nilidhani umekwenda na maji."

"Nilikuwa nasoma."

Akacheka. Hakujua nilichosoma. Nikaketi, nikachukua biskuti, nikamtazama masikio. Masikio ya Marloes yalikuwa hayajui kudanganya kama mdomo wake.

"Jumamosi Auke anatimiza mwaka mwingine," nikasema. "Utapanda, siyo?"

"Auke? Jumamosi hii?" Akaweka mkono kifuani. "Mbona hukuniambia, mwanamke wewe! Anatimiza miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

"Bado mtoto," akasema, akanisogezea bati la biskuti.

Masikio yakawa mekundu kama nyanya.

Mwenzangu, kuna uongo unaokuuma, na kuna uongo unaokupa biskuti. Ule wa pili ndio unaokaa tumboni.

Nikainuka kuaga. Jikoni mlikuwa na mvuke, Marloes akataka kufungua dirisha. Lilikuwa limekwama. Akaligonga kwa kiwiko, chini kushoto, mara moja. Likafunguka.

Nikabaki nimesimama na koti mkono mmoja ndani, mmoja nje.

Siku ya kwanza tulipoingia kwetu juu, dirisha la jikoni lilikuwa limekwama vilevile. Nilihangaika nalo mpaka jasho. Auke akapita na sanduku begani, akaligonga kwa kiwiko, chini kushoto, mara moja. "Umejuaje?" nikamuuliza. "Madirisha ya zamani yote ni hivyo, mke wangu," akanijibu.

Na mimi nikajisifu nimeolewa na fundi.

*

Jioni hiyo tulikula viazi na kabichi. Nilimwacha ale matonge matatu ya kwanza kwa amani.

"Jumamosi nimemwalika Marloes."

"Nani?"

"Marloes. Wa chini."

"Aaa, yule." Akapuliza kiazi kilichokuwa kimeshapoa. "Wa nini sasa? Hatumjui kivile."

"Mimi namjua."

"Mama hapendi watu wageni."

"Mama yako? Mama yako anaongea na watu wa tramu nyingine kupitia dirisha."

"Hiske, mwaka huu tukae wenyewe tu. Wewe, mimi, Mama."

"Nimeshamwalika."

Uma ukamponyoka. Akainama kuutafuta chini ya meza, na akakaa huko muda ambao mtu angeweza kutafuta uma kumi na mbili.

Siku ya pili yake Marloes akanisimamisha kwenye ngazi. Anaumwa kichwa. Ana kazi. Dada yake huenda akaja. Nikamwambia mama mkwe wangu anakuja kutoka kaskazini na nataka sana wajuane. Akaegemea ukuta. "Mama yake Auke?" akauliza. "Huyo huyo," nikamjibu, "ana mmoja tu." Akasema ataona.

Mbona sikupasua jipu hapo hapo? Nawasikia mnauliza. Niliogopa, ndiyo jibu. Kama ningemuuliza Auke peke yake angenipa hadithi nzuri, na mimi nilikuwa na hamu ya kuamini hadithi nzuri. Nikajua nikimuamini, Jumatatu nitampigia Mzee Boele na kumwambia akabidhi tanuri kwa Wobbe, na hapo sitakuwa tena na pa kurudi. Kwa hiyo nilitaka niwaone wote kwenye chumba kimoja, mchana kweupe, kabla sijatoa hilo jibu.

*

Jumamosi saa nane mchana viti vilikuwa vimepangwa duara. Keki nilioka mwenyewe, ya tufaha na mdalasini, na niwaambie ukweli, hasira inaumua unga vizuri sana.

Kwetu siku hiyo hapongezwi aliyezaliwa peke yake. Mama anapongezwa kwa mwanawe, mke kwa mumewe, jirani kwa jirani yake. Anayeingia anazunguka duara lote. Mkono, mabusu matatu, hongera, anahamia kwa anayefuata. Ukimruka mtu mmoja atakukumbuka mpaka kaburini.

Wa kwanza kubisha alikuwa Bwana Kwakernaak wa juu, mzee wa miaka themanini, tai shingoni. Kwapani alikuwa amemkamata Marloes kama polisi.

"Nimemkuta amejifungia huyu, anajifanya hayupo na redio inaimba. Nikamwambia, binti, ukikosa keki ya Hiske utaumwa."

"KARIBU, BWANA KWAKERNAAK!" nikampigia kelele, kama kawaida yangu.

Marloes akanikabidhi mmea kwenye chungu bila kunitazama, akakaa kiti kilicho karibu na mlango. Auke ghafla akawa mpishi wa kahawa. Mtu ambaye kwa miezi minane alikuwa hajui sukari inakaa wapi, sasa hatoki jikoni.

Treni ilichelewa, kwa hiyo Mama Tjitske akaingia wa mwisho. Mama mkwe wangu ni mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, na pongezi anazitoa kama mtu anayebandika stempu, haraka, bila kuangalia barua inakwenda wapi.

"Hongera kwa mumeo, mwanangu." Bu, bu, bu.

"Hongera kwa mwanao, Mama."

"Hongera kwa jirani yako, Bwana..."

"Kwakernaak. Wa juu."

"Aaa! Wewe ndiye bafu!"

"Mimi ndiye bafu," mzee akakubali kwa heshima.

Akahamia kiti cha karibu na mlango. "Hongera kwa jirani..." Bu. Bu. La tatu likakwama hewani. Akamshika Marloes kidevu, akamgeuza uso kushoto na kulia.

"Marloes! Umekata nywele!"

Redio ya chini, ambayo Marloes alisahau kuizima, ikaendelea kuimba peke yake.

Nilikuwa bado sijamtambulisha mtu yeyote kwa mtu yeyote.

Mama Tjitske akaelewa alichofanya. Akajiziba mdomo kwa mkono, kama anayetaka kuyarudisha maneno ndani kwa nguvu. Auke alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na jagi la kahawa.

"Nilisema mimi siri hii haitafika Pasaka," akasema Bwana Kwakernaak.

Nikamgeukia. "Na wewe ulijua?"

"Binti, nimekaa nyumba hii miaka thelathini. Siku mnahamia nilimwambia Auke, 'Umerudi, bwana!' Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo kweli. Na Auke alininong'oneza sikioni, "Mzee wa watu, masikini, anachanganya sura." Ndiyo maana miezi minane nilikuwa namwonea huruma na kumwongelesha kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Aliniambia umechanganyikiwa," nikasema.

"Kumbe ndiyo sababu unanipigia kelele! Nilidhani ndivyo mnavyoongea huko kwenu."

"Hiske," Auke akasema, "njoo jikoni tuongee."

"Jikoni kuna dirisha tu, na wewe unalijua vizuri. Kaa hapa. Kwenye duara."

Akakaa, jagi mapajani.

Nikamtazama Marloes. "Mwaka sabini, siyo, shoga?"

Akafumba macho. "Uliona."

"Niliona."

"Nimeigeuza Februari mpaka Machi bila kuangalia. Miaka yote nageuza tu, mkono wenyewe unageuza." Akaweka sahani ya keki sakafuni. "Alikaa kwangu miaka minne. Hapo chini."

"Ilikwisha!" Auke akaruka, kahawa ikamruka pia. "Hiske, naapa, ilikwisha kabla sijakujua wewe!"

"Nakuamini."

Akashtuka. Nadhani hilo ndilo neno ambalo hakujiandaa nalo.

"Hilo sikuulizi. Wewe si mtawa, nami si wa kwanza. Nakuuliza Rotterdam."

"Rotterdam imefanya nini?"

"Ulisema huijui."

Akakuna kichwa.

Jamani, hapo ndipo paliponiuma, na panauma mpaka leo, nina miaka hamsini na kitu na magoti yanayolia nikipanda ngazi. Miezi minane tulitembea na ramani, mimi na mume wangu. Kila kona Auke alikuwa akikuna kichwa: "Kushoto au kulia, mke wangu?" Nami nikichagua kushoto tukafika, ananibusu paji la uso: "Una akili wewe, tungelala nje!" Na nikichagua kulia tukapotea mvuani, anacheka, ananifunika koti lake, tunasema hii ndiyo raha ya kuanza maisha. Zile siku za kupotea ndizo nilizokuwa nimezipenda kuliko zote.

Kumbe nilikuwa napotea peke yangu. Mwenzangu alikuwa anaigiza.

"Ningekwambia, ungekubali kuja?" Auke akauliza, sauti chini.

"Sijui. Hukunipa nafasi ya kujua."

"Na hii nyumba je?" nikamuuliza.

"Nilijiandikisha kwenye foleni ya nyumba za mji nilipokuwa naishi chini. Zamu yangu ilifika nimeshakuoa. Ningekataa tungengoja miaka saba mingine, Hiske. Saba! Nyumba sikuichagua mimi."

"Lakini ulimchagulia Marloes maneno ya kunidanganya nayo. 'Nafurahi kukufahamu.'"

"Mimi nilimwambia aseme kweli," Mama Tjitske akaingilia, machozi yakimshuka. "Nilimwambia, mwanangu, mwambie mkeo, mambo haya hayakai."

"Na wewe, Mama? Umenipigia simu kila Jumapili."

Mama mkwe wangu akaufungua mkoba wake, akatazama ndani kana kwamba jibu alilisahau humo, akaufunga.

Bwana Kwakernaak akajikohoza. "Nadhani mimi niende."

"Kahawa yako haijaisha, Bwana Kwakernaak," nikamwambia kwa sauti ya kawaida.

"Kweli," akasema, akakaa. Angalau yeye alikuwa anaendelea na keki.

*

Simu ikalia.

Nikainuka kuichukua, maana siku ya kuzaliwa simu hailii bure, mtu anataka kupongeza.

"Hongera kwa mumeo, binti!" Sauti ya Mzee Boele, na nyuma yake kengele ya mlango wa duka, ile ile, kling. Ningeitambua popote. Nikasikia harufu ya mkate kupitia waya, msibishe.

Nikawatazama. Auke na jagi lake. Marloes na mikono yake mapajani. Mama Tjitske na mkoba. Nilikuwa nimepoteza mume, shoga na mama mkwe kabla keki haijakatwa mara ya pili. Lakini sikuwa nimeishiwa. Nilikuwa bado na tanuri.

"Mzee Boele," nikasema kwa sauti ya kusikika duara zima, "sitangoja Jumatatu. Jibu ninalo. Narudi. Narudi peke yangu."

Auke akasimama. "Hiske!"

Upande wa pili wa simu nikasikia mlango wa duka. Kengele, kling.

"Unarudi wapi, binti?"

"Kwenye tanuri, Mzee. Dukani."

"Hiske, mwanangu..." Nikamsikia akivuta pumzi. "Wobbe ameshaanza tangu mwezi wa pili. Karatasi tumeshatia saini. Ameshalipaka duka rangi. Ya machungwa."

"Lakini ulisema mpaka Machi! Krismasi nilikuja kukusaidia kuoka, Auke akabaki huku na kazi zake, tukaongea wawili, ukaniambia tena kwa mdomo wako, mpaka Machi!"

"Nilisema. Sasa mwezi wa kwanza nikapigiwa simu, nikaambiwa umeamua kubaki, unaona haya kuniambia mwenyewe. Nikaombwa nisikuulize, nisije nikakuumiza moyo. Nililia siku mbili, binti, nikakuheshimu."

Nikamgeukia Auke. Kama macho yangekuwa kisu cha mkate ningemkata vipande vyembamba.

"Mume wangu alikupigia," nikasema kwenye simu.

"Mumeo? Hapana. Alikuwa mwanamke. Mpole kweli. Alisema ni rafiki yako, namba yangu ulimpa wewe. Anaitwa... subiri... Marloes."

Nikaishusha simu, nikaikandamiza kifuani.

Ngoja kidogo, msomaji, upige hesabu niliyoipiga mimi. Mwanamke anayemtaka mume wako anakufungia sanduku, anakusindikiza kituoni, anakupungia kitambaa. Hakufungii njia ya kwenu.

"Wewe?" nikamuuliza.

"Mimi," Marloes akasema.

"Kama unamtaka, si ungeniacha niende!"

Marloes akacheka, kicheko kifupi kibaya, na machozi yakatoka humo humo.

"Nimtake? Shoga, wewe Krismasi ulikwenda kwenu kuoka. Huyu alinigongea mlango siku ya kwanza. Akanigongea ya pili. Ya tatu akakaa kwenye ngazi analia, anasema amekosea kuniacha, wewe ukiamua kubaki kwa huyo mwokaji wako yeye anahamia chini." Akafuta pua kwa mkono. "Uliporudi nilishukuru Mungu. Nikapiga ile simu wiki iliyofuata."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiondoka wewe, huyu anashuka. Ngazi kumi na sita tu, Hiske. Nami simtaki."

Nikamtazama Auke, nimsikie akikataa. Aseme neno lolote. Aseme Marloes ni mwongo, aseme kalenda ni ya mtu mwingine, ningempa muda.

Alikuwa anatazama ndani ya jagi.

Mama Tjitske alikuwa ameacha kulia. Bwana Kwakernaak alikuwa ameacha kutafuna. Na kutoka kifuani kwangu, kupitia sweta, ikaja sauti ndogo ya Mzee Boele, mbali kama iko chini ya maji.

"Hiske? Hiske, bado upo hapo?"

Watu wanne kwenye duara wakainua nyuso zao, wakangoja wasikie nitajibu nini.